Tarehe Mbili, Miaka 28: Riwaya za Familia Zilizogawanywa na Ukuta wa Berlin

Riwaya nyingi zinazosimulia familia za Berlin zimejengwa juu ya tarehe mbili. Ya kwanza ni 13 Agosti 1961, Jumapili ambayo wakazi wa jiji hilo waliamka wakakuta askari wametandaza seng'enge katikati ya mitaa yao. Ya pili ni 9 Novemba 1989, jioni ambayo Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kanuni mpya za kusafiri zinaanza kutumika papo hapo, na saa chache baadaye walinzi wa kivuko cha Bornholmer Straße wakazidiwa na umati, wakafungua njia. Kati ya tarehe hizo ipo miaka 28. Waandishi wengi huivuka kwa kurasa chache, kana kwamba hakuna lililotokea isipokuwa kungoja. Ninaona hapo ndipo riwaya hizi zinapoikosa historia yenyewe. Familia za Berlin hazikutenganishwa kwa usiku mmoja. Zilitenganishwa wiki baada ya wiki, kwa vibali na foleni, kwa barua zilizofunguliwa kabla hazijafika, kwa vifurushi vya kahawa vilivyomwacha mpokeaji na deni asiloweza kulilipa, na pia kwa maamuzi ya ndugu wenyewe, jambo ambalo ni gumu zaidi kuliandika. Mwandishi anayeacha miaka hiyo ameacha kiini cha jambo, hata kama ameutafiti usiku wa Agosti hadi akajua rangi ya sare za askari.

Anayedhani Berlin ilikuwa moja hadi Jumapili ile anaanza na kosa. Jiji lilikuwa limegawanywa tangu 1945 kwa washindi wanne wa vita: Wasovieti upande wa mashariki, Wamarekani, Waingereza na Wafaransa upande wa magharibi. Kufikia 1949 lilikuwa na serikali mbili za mji na sarafu mbili. Mwaka 1952 laini za simu kati ya pande hizo zilikatwa, na mwaka huohuo mpaka mrefu uliopita katikati ya Ujerumani mbili ukafungwa kwa uzio, hivyo Berlin ikabaki mlango uliokuwa wazi. Mtu alipanda treni ya mjini upande mmoja akateremka upande wa pili. Zaidi ya watu 50,000 walilala Mashariki na kufanya kazi Magharibi. Kati ya 1949 na 1961 watu zaidi ya milioni 2.5 waliihama Ujerumani Mashariki, wengi wao kwa njia hiyohiyo ya treni, wakafikia kambi ya mapokezi ya Marienfelde iliyofunguliwa 1953. Maana yake ni kwamba nyumba nyingi zilikuwa na watu pande zote mbili kabla ya tofali la kwanza. Kaka mkubwa alikwisha kuondoka baada ya vifaru kuzima maandamano ya wafanyakazi ya Juni 1953. Dada alimfuata mume. Wazazi walibaki kwa ajili ya nyumba, au kwa ajili ya kazi, au kwa imani ya kweli kwamba ujamaa ungejenga nchi isiyorudia unyama wa Hitler. Ukuta uliwakuta watu wamekwisha kuchagua, na ukaugeuza uchaguzi ambao mtu angeweza kuutengua kesho yake kuwa hukumu ya maisha.

Mvuto wa usiku wa Agosti kwa mwandishi unaeleweka. Katika Bernauer Straße nyumba za upande wa kusini zilikuwa Mashariki, lakini njia ya waenda kwa miguu mbele ya milango yake ilikuwa Magharibi. Milango ikazibwa, watu wakaanza kuruka madirishani. Ida Siekmann alikufa hivyo tarehe 22 Agosti 1961, siku moja kabla ya kutimiza miaka 59. Siku mbili baadaye Günter Litfin alipigwa risasi akiogelea kuelekea Magharibi. Agosti iliyofuata kijana Peter Fechter aliachwa akivuja damu chini ya ukuta, watu wa pande zote mbili wakimsikia akilia. Watafiti wamethibitisha kwamba watu wasiopungua 140 waliuawa au kufa kwa sababu ya ukuta huo hadi 1989. Hakuna mwandishi mwenye moyo atakayepita hapo bila kusimama. Lakini yapo mambo mengine ya kupimwa pamoja na hayo. Waliofanikiwa kuutoroka ukuta mjini Berlin kwa miaka yote 28 ni kama watu 5,000, na kati yao waliopita chini ya ardhi, kwenye mahandaki ambayo filamu na riwaya zimeyapenda mno, ni takriban 300. Wakati huohuo, katika siku 18 tu za mwisho wa 1963 na mwanzo wa 1964, wakazi wa Berlin Magharibi walifanya ziara kama milioni 1.2 kwa ndugu zao wa Mashariki. Handaki limepata riwaya nyingi. Ziara zile hazijapata hata sehemu ndogo ya kurasa hizo.

Mfano wa riwaya ya handaki ni A Night Divided ya Jennifer A. Nielsen, iliyotoka Marekani 2015 kwa wasomaji wadogo. Gerta, msichana wa miaka 12, amebaki Mashariki na mama yake na kaka yake Fritz. Baba na kaka wa pili wako Magharibi. Kazi ya kitabu kizima ni kuchimba. Kinasomeka vizuri, na mtoto akikimaliza ataelewa kwamba dola inaweza kumgeuza jirani kuwa jasusi. Kasoro yake ni ya aina, haihusu ustadi. Ndani yake familia ni kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili, na vipande hivyo vinatamani kuungana tu. Familia halisi za Berlin hazikuwa hivyo, na vibali vya Krismasi ya 1963 vinalionyesha jambo hilo kuliko handaki lolote.

Tangu mwishoni mwa Agosti 1961 mkazi wa Berlin Magharibi alikuwa amezuiwa kabisa kuingia Mashariki. Mjerumani wa Hamburg au Köln aliweza kupata ruhusa ya kutwa. Kwa hiyo mwana aliyehamia mbali aliweza kumwona mama yake, lakini binti aliyeishi mitaa mitatu kutoka kwake alikaa zaidi ya miaka miwili bila kumwona. Makubaliano yalitiwa saini 17 Desemba 1963. Ofisi zilifunguliwa upande wa Magharibi, zikiendeshwa na wafanyakazi wa posta wa Ujerumani Mashariki, kwa kuwa serikali mbili zisizotambuana zilihitaji watumishi ambao pande zote zingeweza kuvumilia uwepo wao. Watu walipanga foleni kwenye baridi kwa saa nyingi. Fomu ilitaka udugu uthibitishwe: wazazi, watoto, babu na bibi, wajukuu, kaka na dada, shangazi na wajomba, wapwa. Rafiki wa maisha yote hakuwemo. Aliyepata kibali aliingia asubuhi na kutoka usiku wa siku hiyohiyo, kuanzia 19 Desemba hadi 5 Januari. Yalifuata makubaliano mengine ya aina hiyo hadi 1966, kisha mlango ukafungwa tena hadi 1972, isipokuwa kwa mwenye dharura ya kifamilia kama kifo, ndoa au ugonjwa mkubwa.

Fikiri riwaya nzima ndani ya siku moja ya aina hiyo. Dada anafika saa tatu asubuhi akiwa na mifuko ya machungwa, kahawa na soksi za nailoni. Watoto aliowaacha hawasemi sasa wanasema, na hawamjui. Kwa saa za mwanzo kila mtu ni mwema. Baada ya chakula cha mchana mume wa dada wa Mashariki, ambaye ana cheo kiwandani na ameulizwa kazini kwa nini nyumba yake inapokea mgeni kutoka ng'ambo, anaanza kunyamaza. Jioni yanatoka maneno yaliyokuwa yakingojewa: nani aliondoka bila kuaga, nani alimuuguza baba, nani alipata nafasi ya chuo na nani alinyimwa kwa sababu ya ndugu aliyekimbia. Saa ya mwisho inawakuta wanagombana au wanalia, na hawana siku ya pili ya kurekebisha. Huo ni mgogoro wa kutosha kwa kitabu. Nani ana haki ya kumlaumu nani? Mtu hawezi kuuliza hilo akiwa handakini, ambako adui ni mmoja na anajulikana.

Kuna mhusika mwingine ambaye historia imemtengeneza na riwaya hazijamtendea haki: bibi mstaafu. Kuanzia Novemba 1964 Ujerumani Mashariki iliwaruhusu wastaafu wake, wanawake waliofika miaka 60 na wanaume 65, kwenda Magharibi kuwaona ndugu kwa wiki kadhaa kila mwaka. Hesabu ya dola ilikuwa wazi na haina huruma: mzee asiporudi, nchi imepunguziwa pensheni. Kwa namna hiyo aliye dhaifu kuliko wote nyumbani ndiye aliyekuwa huru kuvuka, na kwa miaka mingi mawasiliano ya familia yalipita kwenye mkoba wake. Alibeba picha za harusi, dawa zisizopatikana, orodha ya vipimo vya viatu, na salamu zilizobidi kukaririwa kwa kuwa hazikufaa kuandikwa. Aliamua pia nini cha kutosema. Mwanawe wa Magharibi ameachana na mke. Je, Mashariki waambiwe? Mjukuu wa Mashariki amejiunga na jeshi la mpakani. Je, Magharibi waambiwe? Mwanamke aliyeishi vita viwili vya dunia anakuwa mhariri wa habari za ukoo wake, na kila anapoondoka kupitia kituo cha Friedrichstraße anapita kwenye ukumbi wa ukaguzi uliojengwa 1962, ambao Waberlin waliuita Jumba la Machozi kwa sababu ya maagano yaliyofanyika hapo. Sijui mhusika mwingine wa historia ya jiji hilo mwenye uwezo mkubwa namna hii wa kubeba riwaya.

Vifurushi navyo vinastahili kuangaliwa kwa makini. Mamilioni yalitumwa kila mwaka kutoka Magharibi, kila kimoja kikiwa kimeandikwa juu yake kwamba ni zawadi na si bidhaa ya biashara. Aliyetuma aliweza kupunguziwa kodi. Aliyepokea alijibu kwa keki ya Krismasi ya kuoka mwenyewe, au mapambo ya mbao ya kuchonga, vitu vilivyohitaji siku za kazi na foleni za zabibu kavu na lozi, ambavyo Magharibi vilipokelewa kwa adabu na pengine kuwekwa kabatini. Udugu unaotegemea mtoaji mmoja na mpokeaji mmoja kwa miaka 20 haubaki udugu uleule. Mtoaji huanza kutarajia shukrani. Mpokeaji huanza kuona aibu, kisha kinyongo, kisha anaandika barua ya kuomba jozi nyingine ya viatu vya mtoto kwa sababu mtoto amekua. Seng'enge ilihitaji askari kuilinda. Kinyongo hiki kilijilinda chenyewe, na kilidumu baada ya askari kuondoka.

Inashangaza kwamba waandishi walioandika karibu kabisa na tukio ndio walioliona hili mapema. Christa Wolf alichapisha Der geteilte Himmel mjini Halle mwaka 1963, miaka miwili baada ya ukuta. Rita, anayesomea ualimu na kufanya kazi katika kiwanda cha mabehewa, anampenda Manfred, mkemia. Ugunduzi wa Manfred unakataliwa na wakubwa, anakata tamaa, anabaki Berlin Magharibi. Rita anamfuata siku moja ya Jumapili mwanzoni mwa Agosti 1961, anatembea naye, anaona maduka, na anarudi Mashariki kwa hiari yake. Ukuta unajengwa siku chache baadaye, na ujenzi wenyewe hausimuliwi. Tunachokiona ni Rita akizinduka hospitali. Nyumbani kwa Manfred, baba aliyewahi kuwa upande wa Wanazi na sasa yuko upande wa chama, na mama anayemsukuma mwanawe aondoke, wamekwisha kuitenganisha familia mezani kabla ya serikali kufanya hivyo barabarani. Uwe Johnson, aliyehamia Berlin Magharibi 1959, alitoa Zwei Ansichten mwaka 1965. Mpigapicha wa Magharibi na muuguzi wa Berlin Mashariki wametengwa na ukuta; muuguzi anavuka hatimaye kwa msaada wa vijana waliokuwa wakiwavusha watu kwa hati za bandia. Mwandishi wa kawaida angefunga kitabu kwa kumbatio. Johnson anaonyesha kwamba juhudi ya kuvuka imemkomaza muuguzi huyo, na mapenzi yaliyokuwa sababu ya safari yamekuwa madogo kuliko safari.

Hapa linakuja pingamizi zito, nalo linahitaji kujibiwa kwa ukamilifu. Kusema kwamba familia zilijitenga kwa maamuzi yao ni kurudia lugha ya watawala, ambao walitaka kila aliyeondoka aonekane msaliti na kila aliyebaki aonekane amechagua ujamaa. Riwaya ya Wolf ilitoka kwa ruhusa ya dola, na anayeshuku ana cha kushikilia: mwaka 1993 ilijulikana kwamba kati ya 1959 na 1962 mwandishi huyo aliwahi kuwa mtoa habari wa Stasi, polisi wa siri. Ni kweli, na pia ni kweli kwamba baadaye yeye na mumewe walichunguzwa na Stasi hiyohiyo kwa miaka mingi. Mimi sioni kwamba mambo hayo yanaifuta riwaya. Yanatulazimu kuisoma kwa macho mawili. Rita anarudi kwa hiari, lakini anarudi katika siku ambazo kurudi na kuondoka vilikuwa bado vinawezekana. Hajui kwamba hiari yake inakaribia kunyang'anywa, na kuzirai kwake ni ushahidi kwamba mwili wake umeelewa asichoweza kukiandika mwandishi mwenye mhariri wa serikali. Kuchagua na kulazimishwa havikuwa vyumba viwili tofauti katika Ujerumani Mashariki. Mtu alichagua ndani ya lazima, kisha akaishi na uchaguzi huo kama kosa lake binafsi. Dola ilifaidika na hatia hiyo, na ndiyo maana riwaya inayoificha, ikisema kila kitu kilifanywa na askari, inaiachia dola sehemu ya ushindi wake bila kuitaja.

Wengine hupinga kutoka upande tofauti. Wanasema kuandika vifurushi, foleni na ugomvi wa mezani ni kuupamba udikteta kwa vitambaa vya nyumbani. Kwamba Ujerumani yenyewe imeona wimbi la vitabu na filamu zinazoyakumbuka maisha ya Mashariki kwa utamu, na waliouawa wanasahaulika. Hatari hiyo ipo. Lakini dawa yake si kurudi handakini. Eugen Ruge ameonyesha njia katika In Zeiten des abnehmenden Lichts, iliyopata Tuzo ya Kitabu ya Ujerumani mwaka 2011. Riwaya inarudi mara kadhaa kwenye siku moja, 1 Oktoba 1989, ambayo Wilhelm, mkomunisti mkongwe, anatimiza miaka 90. Wageni wanafika na nishani na maua, kila sura ikiitazama sherehe kwa macho ya mtu mwingine wa familia, na habari inapita chumbani kwamba mjukuu, Alexander, amekimbilia Magharibi. Hakuna risasi, hakuna mbwa wa mpakani. Hata hivyo msomaji anaona ukoo wa vizazi vinne uliopita kambi za kazi za Stalin, uhamisho wa Mexico na ujenzi wa dola mpya ukivunjika juu ya meza ya vyakula, wiki chache tu kabla ya ukuta kufunguliwa. Alexander angengoja hadi Novemba asingehitaji kukimbia. Hakujua, na hakuna aliyejua. Ujinga huo wa watu kuhusu kesho yao ndio unaoleta ukatili wa utawala mbele ya macho, kwa sababu tunaona maisha yaliyopangwa kana kwamba ukuta utadumu milele.

Julia Franck anaongeza upande ambao riwaya za ushindi huuacha. Yeye mwenyewe alizaliwa Berlin Mashariki 1970 na kuhamia Magharibi akiwa mtoto, na riwaya yake Lagerfeuer ya 2003 inamfuata Nelly Senff, mkemia, anayevuka na watoto wake wawili miaka ya 1970 na kufikia Marienfelde. Kule anakohojiwa tena ni upande wa uhuru, na maswali ya makachero wa Magharibi kuhusu baba wa watoto wake, ambaye Nelly ameambiwa kwamba amekufa, yanamrudisha kwenye mashaka aliyodhani ameyaacha. Franck halinganishi dola mbili. Aliyekimbia na kufika hai anajua tofauti iliyopo. Anachosema ni kwamba familia iliyovuka haikuwa imemaliza kutengana, na kwamba ofisi za Magharibi nazo zilikuwa na majalada. Tukumbuke pia kwamba kati ya 1963 na 1989 serikali ya Ujerumani Magharibi mjini Bonn iliwanunua kutoka magereza ya Mashariki wafungwa wa kisiasa wapatao 33,000. Ndugu walikombolewa kwa fedha na bidhaa, kwa siri, kupitia mawakili. Biashara hiyo iliokoa watu, na iliipa Mashariki sababu ya kuwa na wafungwa wa kuuza. Jambo la namna hiyo haliingii kwenye hadithi yenye upande mmoja mweupe na mwingine mweusi.

Pingamizi la tatu ni swali la kwa nini tuhitaji riwaya kabisa, wakati ushahidi upo. Stasi iliacha majalada yenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, na tangu 1992 waathirika wameruhusiwa kuyasoma yao. Anna Funder, mwandishi wa Australia, katika kitabu chake cha masimulizi ya kweli Stasiland, ameandika habari za mama wa Berlin Mashariki ambaye mtoto wake mchanga, aliyehitaji matibabu ya Magharibi, alivushwa na madaktari baada ya ukuta kujengwa ili asife, akakulia hospitalini upande wa pili karibu miaka mitano. Mama huyo alifungwa, na alikataa kumsaliti kijana aliyekuwa akiwavusha watu ingawa aliahidiwa kumwona mwanawe. Mwandishi wa riwaya akibuni habari hiyo atashutumiwa kwa kutia chumvi. Nakubali kabisa kwamba mbele ya ushuhuda wa aina hiyo riwaya inapaswa kuwa na heshima, na isiuchukue uchungu wa mtu aliye hai kama malighafi ya bure. Lakini jalada linaandika kile mtoa habari alichokiripoti. Haliandiki kilichonyamaziwa kwa sababu mtoa habari alikuwa mezani. Aliyefungua jalada lake na kukuta taarifa za mtu wa nyumbani kwake anajua kuanzia hapo kilichotendeka, na bado hajui mtu huyo aliwaza nini akimimina chai. Hapo ndipo riwaya ina kazi ambayo jalada na ushuhuda haviwezi kuifanya, kwa sharti kwamba mwandishi amekwisha kulisoma jalada na hasemi linalopingana nalo.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu zake za kulifuatilia suala hili, na si za ugeni tu. Mgawanyiko wa Ujerumani ulifika kwetu. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mara baada ya Mapinduzi ya 1964, na majumba ya ghorofa ya Kikwajuni yalijengwa kwa msaada wake. Tanzania changa ilijikuta ikibanwa na Bonn ichague Ujerumani moja, na Nyerere alikataa msaada wenye sharti la namna hiyo. Abdulrazak Gurnah alilichukua jambo hili katika By the Sea ya 2001. Kijana wa Zanzibar, Latif, anakwenda Ujerumani Mashariki kusoma, anagundua kwamba msichana aliyekuwa akiandikiana naye barua ni kijana wa kiume aitwaye Jan, na hatimaye anatoroka naye kwenda Magharibi. Anaishi Uingereza miaka mingi akiwa amejitenga na wazazi wake. Mipaka ya Ulaya alikwisha kuivuka, na kilichomtenga na nyumbani ni ugomvi wa ukoo, aibu na miaka. Nadhani Gurnah aliweza kuiona Ujerumani iliyogawanyika kwa usahihi huo kwa sababu alitoka mahali ambapo, tangu 1964, koo nyingi zina watu Unguja, Muscat na London, na ambapo anayerudi kutembea hupokelewa kwa furaha na hesabu pamoja. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba Berlin iandikwe na Waberlin pekee. Mgeni anakosea pale anapokuja na tarehe mbili mfukoni. Akija na ujuzi wake wa mzigo anaobeba ndugu aliyeondoka, na wa ndugu aliyebaki, ana haki ya kuandika kama mwenyeji.

Sehemu iliyoandikwa kidogo kuliko zote ni ile inayoanza pale riwaya nyingi zinapoishia. Mkataba wa Muungano wa 1990 uliweka kanuni kwamba mali iliyochukuliwa irejeshwe kwa mwenyewe kwanza, na fidia iwe njia ya pili. Madai zaidi ya milioni 2 ya nyumba na viwanja yaliwasilishwa. Nyuma ya mengi yake zilikuwa familia zilezile. Aliyeondoka miaka ya 1950, au warithi wake, walirudi na hati. Ndani ya nyumba walimkuta aliyeziba paa kwa mbao za kuokoteza, aliyepanda miti, aliyewazika wazee. Jenny Erpenbeck amefika karibu na jambo hili katika Heimsuchung ya 2008, riwaya ya nyumba moja kando ya ziwa huko Brandenburg na wote waliopata kuiita yao, kuanzia Wayahudi waliolazimishwa kuuza hadi mwanamke anayelazimika kuondoka baada ya muungano kwa sababu sheria inamtambua mwingine. Erpenbeck amechagua nyumba iwe mhusika, na watu wapite. Bado inahitajika riwaya inayokaa na ndugu wawili mbele ya hakimu wa wilaya, mmoja akiwa na hati ya babu na mwingine na risiti za miaka 28 za saruji, rangi na vioo, na inayomruhusu kila mmoja aeleze madai yake hadi mwisho bila mwandishi kumkatiza kwa fataki za Novemba.